Barua kwa shoga yangu anayekwenda Maskati

Cremona, Italia

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, nikaurudia. Posa imepokewa, siku inatafutwa, na mtu mwenyewe unamtaka. Kinachokukosesha usingizi ni hao wanaokwambia kwamba ukifika Maskati utakuwa mke wa mtu, basi, na kazi yako ya kushona kofia uiache Unguja. Nimeona nikuandikie, maana haya hayasemeki kwenye simu huku unaitwa ukaepue chungu.

Nilipokuwa naondoka niliulizwa: unamfuata mume au unaifuata fidla? Mama alitaka nitaje moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akihojiwa na ndugu zake. Sikutaja. Fidla nilianza kuipenda udogoni, na huyu bwana nilimpenda alipokuja Unguja kujifunza kupiga udi kwenye chuo cha muziki, pale jumba la zamani la forodha, Mizingani. Alisilimu, na kabla ndoa haijafungishwa akasema mbele ya wazee wangu kwamba tutaishi kwao ili mimi nisomee kuunda fidla. Mbele ya wazee, shoga yangu, si tukiwa wawili barazani. Ahadi ya namna hiyo ina mashahidi.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa kwenye bonde la mto Po. Desemba jua linazama saa kumi na nusu za jioni, na ukungu ukishuka, mnara wa kanisa kuu, mita 112 kwenda juu, hauonekani. Baridi hiyo sikufichi, inaumiza. Lakini hapa ndipo Andrea Amati alipounda fidla zake karne ya 16, na hapa ndipo Stradivari, fundi mwingine wa fidla, alipofanya kazi hadi kufa kwake mwaka 1737. Mpaka leo ukikata kichochoro unakuta karakana, fundi ameinama dirishani na bobari mkononi. Wamenisimulia kwamba Januari 2019 mji ulifunga barabara zinazozunguka makumbusho ya fidla kwa wiki kadhaa, na meya akawaomba watu wapunguze kelele, ili ala za mafundi wa zamani zirekodiwe noti baada ya noti. Niliposikia hayo nililia. Mji mzima kunyamaza kwa ajili ya fidla! Nikajua nimefika kwa watu wanaopenda nikipendacho.

Shule yetu ilianzishwa mwaka 1938. Kazi ni ya mikono: randa, patasi, msumeno mwembamba, na gundi ya ngozi inayopashwa moto ndani ya maji. Ubao wa mbele ni mti mwepesi wa milima ya Alpi, jamii ya misonobari. Unauchonga na kuukwangua mpaka ubaki unene wa milimita tatu hivi, na kila mara unaugonga kwa kidole ukausikiliza. Wa nyuma ni mti mgumu zaidi, wenye mawimbi kama maji ya pwani saa ya upepo. Siku moja mwalimu alileta klarineti darasani, nikamwambia mti huu ni mpingo, unatoka kwetu Tanzania na Msumbiji. Wenzangu wote wakataka kuishika. Siku ile sikuwa mgeni.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike. Mume wangu ni mwema, lakini hawezi peke yake kuwa mama yangu, mashoga zangu, mtaa wangu na kazi yangu. Hakuna mwanamume awezaye, na kumtwika yote hayo ni kumwonea. Siku tukigombana, nina benchi langu karakanani. Wakwe zangu wakinitambulisha kwa watu wanasema huyu anaunda fidla, ndipo wanataja kwamba ni mke wa mtoto wao. Nampenda zaidi kwa sababu hiyo, wala mapenzi hayajapungua.

Wewe unakwenda mahali ambako kofia inavaliwa kila siku. Kumma ya Kiomani ni ndugu wa kofia yetu ya viua, na iliyoshonwa kwa mkono ina heshima yake mbele ya ile ya mashine. Maskati utawakuta wazee wa kike wengi wanaozungumza Kiswahili. Watafute mapema, kaa nao, shona nao. Mwambie baba aiweke kazi yako kuwa sharti wakati wa kufunga ndoa. Dini yetu inaruhusu, na mchumba anayekupenda hatanuna. Muulize pia, tangu sasa, kama kibali utakachopewa cha kuishi huko kitakuruhusu kuuza. Jibu lake litakuonyesha kama ameshawahi kulifikiria.

Wala usiwakasirikie wanaokuuliza. Wengi waliachia kazi zao mlangoni siku ya harusi, na hakuna aliyewaambia kwamba wangeweza kuzibeba.

Niandikie wazee wakishapanga. Harusi ikiangukia Agosti shule huwa imefungwa, nitakuja nikupambe mwenyewe. Ikiwa mapema zaidi, nijulishe sasa hivi nikaombe ruhusa kwa mwalimu. Mama nisalimie sana, mwambie nimeshajifunza kuchemsha chai ya tangawizi kwenye hiki kibirika chao kidogo cha kahawa.

Akupendaye,
Shoga yako