Mungu kama mama: swali halijaishia kwenye Isaya 66

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala uliozuka hapa Moshi baada ya mhubiri mmoja kudai kwamba kumtaja Mungu kwa sura ya mama ni njama ya kurudisha miungu wa kike wa kipagani. Waliompinga walisoma Isaya 66, pale Mungu anapoahidi kuwafariji watu wake kama mama amfarijivyo mwanawe, wakaridhika. Mimi naona pande zote mbili zimelikwepa swali lenyewe, yaani sura hiyo ya kike inapewa nafasi na uwezo gani, ambalo wanawake wa Kiyahudi wamelijadili wao kwa wao kwa miongo kadhaa, tena kwa ukali.

Wanawake hao hawakwenda kuazima kwa wapagani. Wengi walianzia kwenye Shekina, jina ambalo marabi wa kale walilitumia kwa uwepo wa Mungu unaokaa kati ya watu wake, na ambao Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi hao, inasema uliandamana nao hata uhamishoni. Katika Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, Shekina anaelezwa waziwazi kwa sura ya kike: bibi arusi, malkia, binti. Ni urithi wa ndani kabisa, na wapo walioupokea kwa shangwe.

Judith Plaskow, mwanateolojia wa Marekani, alisita, na sababu yake ndiyo ningependa wahubiri wetu waipime. Katika mpango wa Zohari, Shekina ni daraja la kumi na la mwisho kati ya madaraja ambayo Mungu hujidhihirisha kwayo. Hupokea kutoka juu na hana nuru yake mwenyewe. Kumwingiza mwanamke katika sura ya Mungu kwa mtindo huo ni kumpa kiti, lakini kiti cha chini, kisha kuuita mpangilio huo mtakatifu. Mwandishi Cynthia Ozick alikuwa ameshauri mwaka 1979 kwamba tatizo la mwanamke wa Kiyahudi ni la sheria na nafasi yake katika jumuiya, wala si la majina ya Mungu. Plaskow alimjibu mwaka 1983 kwamba sheria haielei hewani: inasimama juu ya picha ya Mungu aliye mwanamume. Nakiri kwamba hapo namwunga mkono Plaskow, ingawa hoja ya Ozick si ya kupuuzwa.

Marcia Falk, mshairi wa Kiyahudi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha sala cha mwaka 1996, baraka ya mkate, ambayo kwa kawaida humhimidi Bwana, Mfalme wa ulimwengu, inaanza kwa maneno yenye maana ya “na tuibariki chemchemi ya uzima”. Mfalme ameondoka, lakini hakuna malkia aliyeketishwa mahali pake, na wanaosali ndio wanaobariki. Wayahudi wengi hawakubaliani naye, kwa kuwa fomula ya baraka aliyoibadilisha ni ya tangu enzi za marabi.

Nikirudi kwetu, mahubiri ya siku za wanawake yanapomtaja Mungu kama mama, mama huyo hubembeleza, huvumilia na husamehe tu. Kuamuru, kuhukumu na kugawa huachiwa Baba. (Anayemjua mama wa Kichaga mwenye biashara pale sokoni Mbuyuni atashangaa mama huyo mpole ametolewa wapi.) Maandiko yenyewe hayakugawa hivyo. Katika Isaya 42, mstari wa 13 unamfananisha Mungu na shujaa anayetoka kwenda vitani akipiga kelele, na mstari wa 14, bila kupumzika, unamfananisha na mwanamke mwenye utungu, aliyenyamaza muda mrefu na sasa analia, anahema na kutweta. Mara baada ya kilio hicho milima inaharibiwa na mito inakauka. Huo ni uwezo ule ule wa shujaa, nao umetoka katika mwili wa mwanamke.

Ninawaomba wachungaji na viongozi wa vikundi vya wanawake, katika ibada ijayo ya aina hiyo, wasome mistari hiyo miwili kwa pamoja badala ya kurudia Isaya 66, kisha waruhusu maswali.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi