Mitego ya inzi wa maembe isiachwe ikauke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaosimamia mitego ya inzi wa matunda huku kwetu Mtama. Msimu uliopita vijana walipita mashambani, wakatundika vikopo vya plastiki kwenye miembe, wakaondoka. Dawa ya kuvutia inzi hudumu wiki chache tu, lakini hakuna aliyerudi kuibadilisha wala kuhesabu walionaswa. Sasa buibui ndio wanaovifaidi.

Inzi huyu ni mgeni. Asili yake ni Asia, na Afrika Mashariki alionekana mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe akataga mayai ndani. Kwa nje dodo linang'aa, ukilipasua ni funza watupu. Mteja wa stendi akikutana nalo mara moja harudi kwako, na hana kosa.

Kuna jambo hatukuelezwa: dawa ile huvuta madume tu. Mtego peke yake hautoshi. Maembe yaliyoanguka lazima yaokotwe na kufukiwa chini sana, au yafungwe kwenye mfuko mweusi na kuanikwa juani, maana funza hujichimbia ardhini na kutoka akiwa inzi. Jirani yangu huyaacha yaoze, anasema mtego si upo, serikali inashughulikia. Nimlaumu vipi?

Kila kitongoji kipewe mtu wa kubadilisha dawa, na idadi ya inzi ibandikwe ofisi ya kijiji tuione. Vikopo vije mapema, si maembe yakishaanza kudondoka.

Mkulima wa maembe,
Mtama, Lindi