Barua kwa Baba: stesheni ya Richmond

Darlington, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Huku hatujambo, ila baridi imeanza kukaza.

Jumamosi sikuwa na zamu, nikapanda basi hadi Richmond, mji mdogo wenye ngome juu ya mto Swale. Nilifuata stesheni. Treni haijaingia pale tangu Machi 1969, lakini jengo limesimama, na ningetamani tungekuwa wote.

Lilijengwa 1846, mchoraji wake George Townsend Andrews. Reli yetu ya Tanga ilipoanza kujengwa 1893, watu wa hapa walikuwa wameshapanda treni miaka 47. Kuta ni za mawe, na matao ya mbele yamechongoka kama ya kanisa. Ndani, paa mbili pacha zimebebwa na nguzo za chuma. Nilishika moja, ubaridi ukanipanda hadi kiwiko. Nikaikumbuka taa yako ya vioo vyekundu na kijani, ulivyoniachia niishike kabla gari moshi halijaingia Korogwe.

Miaka ile Waingereza waliona njia ndogo zinawatia hasara. Mwaka 1963 mkuu wa shirika lao la reli, Dk. Richard Beeching, alipendekeza vituo zaidi ya 2,300 vifungwe, na miji mingi ikabaki na basi tu. Richmond nayo ikapoteza treni, ingawa jirani yake ni Catterick, kambi kubwa ya jeshi.

Kwa miaka mingi jengo likawa duka la miche na maua. Baadaye wenyeji wakachanga fedha kulikarabati, na 2007 likafunguliwa tena. Sasa lina sinema, mgahawa na ukumbi wa picha. Nilikunywa chai pale mabehewa yalipokuwa yakisimama, nikamwona bibi mmoja akimwonyesha mjukuu wake picha za zamani ukutani, kidole kikienda polepole kutoka uso hadi uso.

Mataruma yameng'olewa, njia ya reli sasa ni ya waenda kwa miguu hadi Easby. Niliifuata mpaka kwenye daraja la chuma.

Baba, Mjomba ameniambia wanunuzi wa chuma chakavu wanaiulizia ile taa. Nakuomba usiwape. Na Jumapili nikipiga simu, nitajie wenzako wote wa zamu, kuanzia stesheni masta hadi mfagizi. Daftari nimeshanunua.

Mwanao,
Neema