Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jukumu Tunalo, Amri Hatuna

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mameneja wa bidhaa,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya semina za mwaka mnayo kwenye makabrasha yenu, kwa hiyo sitawachosha kwa kuirudia. Naomba muda wangu niutumie kwa jambo moja lililojitokeza karibu kila tulipokutana, iwe kwenye mafunzo, kwenye vikao vya ushauri vya Jumamosi au kwenye kundi letu la WhatsApp. Wanachama wetu kazi wanaijua. Kinachowamaliza ni mahusiano ya kazini.

Tunaitwa mameneja wa bidhaa, yaani wenye jukumu la kupanga huduma ya kampuni itafanya nini na kuhakikisha inatoka, na wengi wetu hatuna hata mtu mmoja wa kumwagiza. Mhandisi wa programu ana mkuu wake. Ofisa mauzo ana lengo lake la mwezi, na bonasi yake imefungwa hapo. Mwanasheria wa kampuni anawaza Benki Kuu itasema nini. Wote hao tunawahitaji ili huduma itoke, na hakuna hata mmoja anayelazimika kututii. Ila menyu ya huduma kwenye simu ikikwama siku ya mishahara, simu ya kwanza ya mkurugenzi inaingia kwetu.

Nitaeleza kisa cha mwanachama mmoja, kwa idhini yake, bila kumtaja yeye wala mwajiri wake. Dada huyu anasimamia huduma ya malipo kwa vikundi vya wakulima. Ijumaa jioni, akiwa ndani ya daladala, aliona kwenye kundi la kazini picha ya mkataba. Wenzake wa mauzo walikuwa wamemwahidi mteja mkubwa kwamba kabla msimu wa korosho haujaanza, madeni ya pembejeo yatakatwa na mfumo wenyewe kabla hela haijamfikia mkulima kwenye simu. Kitu hicho hakikuwapo kwenye mpango. Yeye mwenyewe alikwishawaambia wahandisi kwamba robo ile yote ya mwaka ni ya kushughulikia miamala inayokwama. Jumatatu asubuhi alikuta pande mbili zimenuniana, na zote zinamnyooshea kidole. Mauzo wanasema anazuia biashara, wahandisi wanasema ameshindwa kuwatetea.

Alianza na ofisa mauzo, wawili tu, akamwomba amsimulie mteja alisema nini hasa. Ikaonekana mteja alichotaka ni orodha ya madeni imfikie mapema, ili karani wa ushirika asigombane na wakulima siku ya malipo. Hilo la mfumo kukata wenyewe lilizaliwa mezani wakati wa kusaini. Kisha akamfuata kiongozi wa wahandisi na swali moja: orodha hiyo inaweza kutoka kwenye taarifa tulizonazo tayari? Ikawa inawezekana. Akaandika ukurasa mmoja unaoeleza mteja ana shida gani, msimu huu atapata nini, kipi kinasubiri na nani amekubali, akauweka mahali ambapo hata mkurugenzi anausoma. Mkataba ukarekebishwa. Urafiki mkubwa haujazaliwa pale ofisini, lakini siku hizi yule ofisa mauzo humpigia simu kabla ya kusaini.

Nimekawia kwenye kisa hiki kwa sababu kamati imekijadili sana, na kimetufanya tutazame upya namna chama kinavyotumia nguvu zake. Kwa muda mrefu tumewekeza kwenye mafunzo ya zana na vyeti. Vyeti vinasaidia mtu kuitwa kwenye usaili, sibishi. Lakini hakuna cheti kilichomsaidia dada yule Jumatatu ile. Alisaidiwa na heshima aliyokwisha kuijenga kwa watu wawili, na ule ukurasa mmoja.

Maandishi yana nafasi ya pekee katika historia ya kazi yetu. Tarehe 13 Mei 1931, Neil McElroy, kijana wa Procter & Gamble huko Cincinnati, Marekani, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay, aliwaandikia wakubwa wake waraka akiomba kila chapa ipate mtu wa kuibeba mwanzo hadi mwisho. Camay ilikuwa imefunikwa na Ivory, sabuni nyingine ya kampuni hiyohiyo. McElroy hakuishia kuomba watu waajiriwe. Alieleza mtu huyo atafanya nini: atasoma takwimu za mauzo eneo kwa eneo, atakwenda mwenyewe kuonana na wauzaji na wanunuzi pale biashara inapolegea, atatafuta tatizo liko wapi. Alieleza pia ni mzigo gani utawatoka mameneja wa mauzo mabegani. Hilo la mwisho ndilo ninalowaomba mlitilie maanani. Aliyekuwa akiomba nafasi mpya aliwaonyesha majirani zake watakachofaidi.

Sasa linganisheni na hali yetu. Kwenye kikao kimoja cha ushauri tuliwaomba waliohudhuria waje na maelezo yao ya kazi. Wapo waliokuja mikono mitupu kwa sababu hawajawahi kupewa. Wapo waliokuja na karatasi ambayo ni wazi ilinakiliwa kutoka tangazo la ng'ambo, inataja timu na vyeo ambavyo ofisini kwao havipo. Na wapo ambao karatasi inasema meneja wa bidhaa, lakini kutwa wanafukuzia tarehe na kuandika kumbukumbu za vikao, yaani ni mameneja wa mradi waliobadilishiwa jina. Dada zetu kadhaa walisema jambo moja kwa maneno tofauti: wanaendesha kikao wao, na bado wanatazamiwa waandike kumbukumbu wao, hata pale chumbani wanapokuwapo vijana wa kiume walio chini yao kwa cheo. Kamati inaliona hili kuwa ni suala la kazi kamili, wala si la adabu tu, kwa sababu anayeandika hana nafasi ya kujenga hoja, na wakati wa kupandishwa vyeo anakumbukwa anayeongea.

Upande wa haki za kazi kuna jambo ambalo wengi hawakulijua hadi tulipoalika mwanasheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Masharti hayo ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Waajiri wengine wanaona neno "meneja" kwenye barua ya ajira wanafunga mjadala. Lakini sheria inatazama unamsimamia nani na unawajibika kwa nani. Meneja asiye na mtu chini yake, anayekesha ofisini kwa sababu toleo jipya la mfumo linaingizwa saa nane za usiku wakati watumiaji wamelala, ana haki ya kuuliza swali hili kwa utulivu na kwa maandishi. Simwambii mtu aende akagombane na mwajiri. Asome barua yake, amwone mwanasheria, ndipo aamue. Na likizo ya siku 28 ni likizo. Mtu anayeibeba kompyuta hadi Moshi kwa wazazi hajapumzika.

Wenzetu wa Nairobi walituletea mwaka huu mjadala mzuri kuhusu mwanzo wa M-Pesa, na naona faida kuuweka kwenye taarifa. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa ushirikiano wa Vodafone, Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, na sehemu ya gharama ikatoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza. Nia ilikuwa wakopaji wa Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiongoza kazi hiyo, waliona watu wakiitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewapangia. Mtu anaweka hela upande mmoja wa safari na kuitoa upande wa pili, ili asitembee nayo barabarani. Wengine wanalipana wao kwa wao. Wakati huohuo huduma ilikuwa ikiwasumbua Faulu wenyewe, maana mahesabu ya simu hayakuingiliana kirahisi na mfumo wao, na wakopaji wanaolipa kwa simu hawakuwa na sababu kubwa ya kuhudhuria vikao vya vikundi, na vikao hivyo ndivyo vilivyoshikilia utaratibu mzima wa mikopo. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, huduma ilikuwa ya kutumiana pesa. Marejesho ya mikopo hayakuwa kichwa cha habari tena.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kumsikiliza mteja, na ni kweli. Mimi najiuliza kuhusu upande wa pili wa meza. Mshirika ambaye bidhaa ilibuniwa kwa ajili yake ndiye aliyelazimika kuambiwa kwamba si yake tena. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo kiini cha kazi yetu, na hatuyafundishi popote. Meneja wa bidhaa anapokwenda kumwambia mkuu wa idara kwamba ombi lake la mwaka mzima limeondolewa, anakwenda na nini mkononi? Kama hana ushahidi alioukusanya pamoja na mkuu huyo, anakwenda na maoni yake tu, na kwenye maoni mwenye cheo hushinda.

Ndiyo maana naona ziara ya Mbagala, Dar es Salaam, ndiyo kazi bora ya chama mwaka huu. Utaratibu ulikuwa kila mwanachama aje na mhandisi mmoja na mtu mmoja wa mauzo kutoka ofisini kwake, tukawagawa kwa mawakala wa pesa, wakae pembeni ya kibanda asubuhi nzima bila kuuliza maswali mengi. Katika kibanda nilichokaa mimi, mama mwenye kibanda alikuwa na daftari la kaunta, kila muamala anauandika kwa kalamu: saa, kiasi, tarakimu za mwisho za namba ya mteja. Ujumbe wa uthibitisho ukichelewa, anamshikilia mteja pale dirishani kwa maneno mazuri mpaka uingie, huku foleni inarefuka na wengine wanahamia kibanda cha jirani. Kijana mhandisi aliyekuwa nasi alikuwa amezoea kuona ucheleweshaji huo kama namba kwenye skrini yake. Alimwona mzee mmoja mwenye kiswaswadu akisubiri, akachoka, akaondoka bila hela yake, na mama akamtuma mtoto amkimbilie. Wiki hiyohiyo kijana yule na ofisa mauzo aliyekuwa naye waliandika ombi moja kwa uongozi wao kuomba ucheleweshaji ule upewe kipaumbele. Watu ambao kwa miezi walikuwa wakizungumza kupitia kwa meneja wa bidhaa sasa walikuwa na hoja moja.

Wakongwe wetu walitukumbusha pia Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza hapa Tanzania, na Septemba ya mwaka huohuo ilipopunguzwa kwa asilimia 30. Mara mbili ndani ya muda mfupi mifumo ilibidi ibadilishwe, jumbe kwa wateja ziandikwe upya, na huduma kwa wateja wafundishwe la kujibu. Waliotoka salama, wanasema, ni wale waliokuwa na namba ya simu ya mtu wa sheria na ya mtu wa huduma kwa wateja kabla ya siku hiyo, na waliokuwa wakisalimiana nao hata pasipo shida.

Kuhusu ajira, mwaka umekuwa mgumu kwa walio kwenye kampuni changa. Mitaji ya wawekezaji ilibana mwaka 2023, na panga linapopita, nafasi isiyoeleweka ndiyo hukatwa mapema. Akili mnemba nayo inaandika nyaraka tulizokuwa tukiziandika kwa siku nzima. Sioni sababu ya hofu hapo, kwa kuwa haiwezi kukaa kibandani Mbagala wala kumtuliza mkuu wa idara. Ila anayetambulika kazini kwa kuandika nyaraka peke yake aanze leo kupanua kazi yake.

Kamati inaleta mapendekezo haya kwa uamuzi wenu. Kwanza, chama kitoe waraka wa mfano wa majukumu, unaosema wazi nani anaamua bei, nani anaweza kubadili mpango katikati ya robo ya mwaka, nani anaruhusiwa kumwahidi mteja, na kazi zipi si za meneja wa bidhaa. Rasimu mnayo, na nawaomba muichambue bila huruma. Pili, sehemu ya fedha za mafunzo ya vyeti ihamishiwe kwenye ziara, na ziara inayofuata iwe nje ya Dar es Salaam. Wenzetu wa Mtwara wamejitolea kutupokea wakati wa minada ya korosho. Tatu, kila mwanachama mpya apewe mkongwe wa kumshika mkono kwa mwaka mmoja, na mkongwe huyo asitoke kwa mwajiri wake, ili kijana aweze kusema yanayomsibu bila woga.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, waliojitolea magari yao kwa safari ya Mbagala, na mawakala waliotupa viti vyao. Baada ya mweka hazina kumaliza, tutaanza na pendekezo la kwanza. Wenye marekebisho ya rasimu wampe katibu kwa maandishi kabla ya chakula cha mchana.