Mnaochukua fedha kwanza, semeni ukweli kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye migahawa ya piza hapa Dodoma, na wengine wote wanaouza chakula kwa utaratibu wa kulipa kwanza na kusubiri baadaye.

Mimi ni mama lishe. Napika jirani na soko la Sabasaba, na watoto wangu wamesomeshwa na ugali, maharage na mlenda. Kwangu mteja anakula kwanza, analipa akinyanyuka. Utaratibu huo unanibana. Maharage yakiwa hayajaiva namwambia, samaki wakiwa wamekwisha namwambia kabla hajakaa, maana nikimdanganya anaondoka na hela yake mfukoni. Kwenye mgahawa wa piza ni kinyume: hela inatoka kabla hata unga haujasukumwa, na kuanzia hapo mteja hana tena cha kumbana nacho muuzaji. Utaratibu wenyewe siupingi, hata jirani zangu wa chipsi wengine wanafanya hivyo. Ninachosema ni kwamba anayeshika fedha ya mtu kabla ya kumpa kitu ana deni, na mwenye deni hana haki ya kumkunjia uso anayemdai.

Jumapili ya kipaimara cha mjukuu wangu, baada ya ibada, mtoto aliomba piza. Tulikwenda familia nzima, pamoja na wifi yangu aliyekuja na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Wifi ni Mwislamu, alikuja kufurahi nasi kama sisi tunavyokwenda kwake Idi. Mgahawa siutaji kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu biashara. Tuliagiza piza mbili kubwa, moja ya kuku, nyingine ya mboga. Kijana wa kaunta aliandika oda huku macho yako kwenye simu, hata karibu hakusema. Nikamuuliza itachukua muda gani, akasema dakika ishirini. Nikalipa kwa simu zaidi ya shilingi elfu hamsini, fedha ambayo kwangu ni mtaji.

Tulikaa zaidi ya saa nzima. Muda wote huo bodaboda walikuwa wanaingia na kutoka na maboksi. Binti wa dada yangu, aliyesomea mapishi VETA, alinieleza pale pale mezani kwamba piza ikishaingia kwenye tanuri lililoshika moto haimalizi robo saa. Kinachochelewesha ni foleni ya oda. Oda za simu na zetu sisi tuliokaa zinaingia tanuri moja, ila foleni ya simu mteja wa mezani haioni. Kijana alikuwa anaiona, karatasi za oda zilibandikwa mbele yake. Angesema tu, "Mama, leo oda ni nyingi, itafika saa nzima," nami ningeamua kukaa au kuwapeleka watoto kwingine kabla sijalipa.

Piza ya kuku ilipokuja ilikuwa na soseji juu, vipande vyekundu vimetapakaa kila upande. Wifi akauliza kwa upole ni soseji za nyama gani. Mhudumu akajibu, "Ni soseji tu, mama." Akamwita msimamizi. Msimamizi naye hakujua ni nyama ya nini. Aliitazama piza, akasema, "Zitoeni tu hizo soseji, mweke pembeni." Wifi akasogeza sahani, akasema hana njaa. Nilimwangalia mtu aliyesafiri kwa ajili ya mtoto wetu akinywa maji huku wenzake wakila ile ya mboga, kwa kuwa hata hiyo alishaitilia shaka. Kuchelewa ningekusahau. Hili ndilo limenifanya niandike.

Anayeuza nyama lazima ajue ni ya mnyama gani. Hapa kwetu Waislamu na Wakristo tunaoana, tunazikana, tunakula meza moja. Nikiulizwa supu yangu ni ya nini, najibu ni ya ng'ombe na bucha naitaja. Kwa mgahawa mkubwa hilo ni suala la karatasi moja ukutani na kuwaelekeza wahudumu asubuhi moja.

Nikaomba nirudishiwe hela ya piza ile. Nikaambiwa mfumo hauruhusu, nirudi kesho meneja akiwepo. Nikaomba risiti, nikapewa kikaratasi cha oda. Mpaka niliposisitiza kwamba nataka ya EFD ndipo ikatolewa, tena kwa kununa, wakati TRA haichoki kutukumbusha kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Najua tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji. Lakini nani atafunga biashara yake akafuatilie malalamiko ya piza moja? Ndiyo maana nasema na wenye migahawa wenyewe.

Yule kijana simtupii lawama zote. Kaunta ni yake, simu ni yake, bodaboda wanamsemesha, meza zinamwita, na hana ruhusa ya kurudisha hata shilingi. Aliyempanga hivyo ndiye wa kuulizwa. Msimamizi wa zamu apewe uwezo wa kurudisha fedha papo hapo, kwa simu ile ile iliyopokelewa. Siku za Jumapili awepo mtu wa meza tu. Na kitu kikiwa kimekwisha jikoni, mteja aambiwe kabla hajabonyeza namba ya siri.

Nadhani wanajiamini kwa sababu mji umejaa. Serikali imehamia, Dodoma ni jiji tangu 2018, treni ya umeme inaleta watu tangu 2024, na Bunge la Bajeti likianza Aprili hata chumba cha kulala ni shida. Mteja mmoja akinuna, anaingia mgeni mwingine asiyejua kilichotokea jana. Lakini Bunge likiahirishwa mwishoni mwa Juni na semina zikapungua, tunaobaki ni sisi wa Chang'ombe, Nzuguni na Ipagala, na tunaambiana.

Hadi naandika barua hii hela yangu haijarudi. Risiti ninayo, tarehe inasomeka. Mwenye mgahawa akisoma hapa atajitambua, na mimi nipo sokoni kila siku kuanzia asubuhi.

Mama lishe,
Sabasaba, Dodoma