Waandameni ofisini, kwa nyumba kuna watoto

Mhariri,

Hii tabia ya kutupa loketsheni ya nyumba ya mtu kwa grupu za WhatsApp kila serikali ikikasirisha watu imefika mahali tuiongelee wazi. Na nisieleweke kama natetea waheshimiwa, Juni 2024 mimi nilikuwa upande wa vijana walioandamana kupinga ule mswada wa fedha, na namba za wabunge zilipomwagwa mtandaoni wakaanza kupigiwa na kutumiwa meseji usiku na mchana sikulia machozi, mbunge ni mtu wa kupigiwa simu na mlipa ushuru. Shida ni pale ilitoka kwa simu ikaingia kwa nyumba, watu wakaanza kuelekezana kwa mheshimiwa fulani, na kuna wabunge nyumba na biashara zao zilivamiwa zikaporwa. Huko mwenyewe mara nyingi hata hayuko, unapata dada wa kazi, watoto na nyanya aliyekuja kliniki.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, bora iwe kwa amani na bila silaha. Sawa, Bunge linajulikana liko wapi, Harambee House haijahama, City Hall ukishuka matatu unafika kwa miguu. Tuwasumbue huko hadi wachoke.

Lakini wenye naogopea sio hata wabunge manake hao wana bodigadi na ukuta wa waya ya stima. Ni hawa wadogo, hakimu, afisa wa ushuru, mtu wa ardhi, hao wamepanga fleti Donholm na South B kama sisi, wanapanda ngazi moja na jamaa ambaye ndugu yake alinyimwa dhamana wiki jana. Juni hiyo hiyo ya 2024 hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi Makadara, kortini, polisi wakiwa hapo hapo, na aliyempiga alikuwa afisa wa polisi ambaye mkewe alikuwa amefutiwa dhamana. Akafariki. Sasa kama korti haikumsaidia, mlango wa fleti utasaidia nani? Na Agosti 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi East alitoweka akiwa kazini na mwili ukapatikana baadaye. Mwaka wa 2027 tume ya uchaguzi, IEBC, itahitaji wasimamizi kwa maeneo bunge 290, na kila mmoja ana jirani anayejua anaingia saa ngapi.

Wenzetu wa Marekani walijifunza vibaya. Julai 2020 huko New Jersey mtu alienda kwa jaji Esther Salas akijifanya ameleta mzigo, akamuua kijana wake Daniel na kumjeruhi mumewe. Mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria yenye jina la huyo kijana, jaji au polisi akiandikia kampuni iondoe anwani ya nyumba yake inapewa siku 10 za kazi.

Sisi sheria tunayo toka 2019, ile ya kulinda data, na inahesabu majina ya watoto wako, mke, wazazi, hadi habari za mali yako kama data nyeti. Na sio sheria ya mapambo, 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kupost picha za watoto bila wazazi kukubali. Kwa hivyo meno iko.

Mahali hiyo ofisi haijafika ni kwa geti. Ingia esteti yoyote Nairobi, soja atakupea kitabu uandike jina, kitambulisho, simu, namba ya gari na nyumba unayoenda, na ukiinamisha macho tu unasoma wote waliokutangulia, nani alienda kwa hakimu wa nyumba fulani na saa ngapi. Mtu wa bodaboda anapiga picha ukurasa mzima kwa sekunde moja. Soja simlaumu, halipwi vizuri na hakuna aliyemfunza. Keateka naye ukimuuliza kwa upole anakwambia hadi namba ya mlango.

Na hapo niongeze, serikali isije ikachukua hii hoja ikatufunga nayo midomo. Wale vijana waliotolewa kwa nyumba zao usiku na watu wasio na sare, kifungu cha 31 cha faragha ni chao pia, tena kinataja nyumba kabisa. Mali na mishahara ya wakubwa tuendelee kuuliza.

Naomba Kamishna wa Data aandikie kampuni za masoja na mameneja wa esteti kabla kampeni ianze: kila mgeni aandike kwa karatasi yake, itumbukizwe kwa sanduku lenye kufuli, na vitabu vya zamani vilivyorundikana kwa kibanda cha geti vichomwe.

Mpangaji, South B, Nairobi