Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Kazi za Masika, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama 42 wa klabu yetu, karibu sana. Tumeona viatu vyako vimeshapata tope la hapa kwetu. Tumefurahi, maana risala hii inahusu tope.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masika haya tumejitolea Jumamosi sita katika Msitu wa Rau, kwa ruhusa ya wahifadhi. Tulidhani tunakwenda kuokota taka tu. Taka zilikuwepo kweli: siku ya kwanza gunia lilijaa kabla ya saa nne, mbega wakitutazama kutoka juu ya mivule. Tulifukua mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na vile vipakiti vya pombe kali vilivyokatazwa mwaka 2017, wakati wengi wetu tuko chekechea. Maandishi yake bado yanasomeka.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa njia. Mvua ikinyesha, maji hufuata njia ya watu, kwa sababu imekanyagwa ikawa ngumu na kubonyea katikati. Yakituama, mpita njia analikwepa dimbwi kwa kupita pembeni, anayemfuata anapita pembeni zaidi, na baada ya wiki chache njia ya mtu mmoja inaweza kupitisha Fuso, miche michanga yote imelala chini. Mhifadhi alituonyesha dawa yake: unachimba mfereji mwembamba unaokata njia kwa mshazari, upande wa chini unalaza gogo au mawe, maji yanatokea kwenye majani. Ukiuchimba bila mshazari, udongo unauziba mara moja. Tunajua, kwani mitatu ya kwanza tuliipima kwa rula. Mwalimu wa hesabu aliisifu, mvua haikuisifu.

Kuhusu miti tutasema kifupi, na kwa heshima. Wakati fulani walikuja wageni karibu na shule, wakapanda miche, wakapiga picha, wakaaga. Julai tukakuta vijiti. Kwa hiyo sisi tumepanda 60 tu, hapa uwanjani, na kila mche una mwenyewe mwenye zamu ya ndoo mpaka mvua za vuli. Wenzetu wa bweni wanasema tunanyonyesha miti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Tuna makoleo manne na sururu moja ambayo mpini wake huchomoka. Glovu hatuna; tulivaa soksi mikononi, na mwenzetu mmoja chupa ilimchana hivyo hivyo. Tunaomba makoleo kumi, glovu na toroli moja.

Ombi la pili halina gharama. Ratiba inasema leo utapanda mti. Tunaomba ratiba itusamehe. Njoo Agosti, Jumamosi yoyote, vumbi likiwa limeshika, tukukabidhi ndoo. Mwenye mche namba 17 amehamia Arusha, na kwenye daftari la zamu tumeshaandika jina lako, kwa penseli.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Mazingira